Keziah na Kelele za Blackburn

Blackburn, 6 Machi 1836

Dada Dorcas,

Kaa chini kwanza, maana habari hii ikikukuta umesimama itakuangusha. Mdogo wako Abel amekuwa mnyapara! Ndiyo, mimi huyu huyu niliyekuwa nafukuzwa shule ya Jumapili kwa kucheka katikati ya sala. Bahati imenivamia kama mkopeshaji, imebisha hodi na imekataa kuondoka. Nina ukumbi mzima wa mitambo ya kufuma chini yangu. Nikikohoa, watu wananyooka. Nikikunja uso, hata mashine zinatulia.

Nakaa nyumba ya mlimani yenye madirisha mawili, moja la kutazamia watu na jingine la watu kunitazama. Matumbo na vitunguu nakula jioni yoyote nikitaka, na nikishiba namtupia paka wa jirani, ambaye sasa amenenepa kuliko mchungaji wetu. Kofia ya Jumapili ninayo. Bwana mwenye kiwanda akinipita ananiinamishia kichwa. Labda ana shingo mbovu, lakini mimi naihesabu kuwa salamu.

Nyinyi huko bado mnakanyaga mtambo wa baba kwa miguu na kuuvuta kwa mikono, mpaka mgongo unalia. Hapa makaa ya mawe ndiyo yanayotoka jasho. Nimesikia kwamba tajiri wa uzi, anayewagawia kazi, amewapunguzia tena malipo. Pole sana. Lakini msiogope kitu. Jambo lolote likiwabana, niandikie. Una ndugu mzito mjini.

Mpe mdogo wetu Keziah barua hii aisome mwenyewe. Mwambie nakumbuka anavyonikodolea macho nikianza hadithi zangu.

Nduguyo,
Abel Hindle, Mnyapara


Thornshaw, 20 Machi 1836

Abel mdogo wangu,

Barua yako ameileta mzee Jabez kwenye mkokoteni wake, ikiwa imelaliwa na jibini. Tumeisoma ikinuka hivyo hivyo. Keziah aliisoma mara moja, akanitazama, akairudisha. Unamjua.

Nimefurahi umepata, tena umepata wakati wake, kwa sababu mambo yametufika shingoni. Tajiri wa uzi amekuja akasema kwamba kuanzia sasa nyumba yetu itapewa uzi wa mtu mmoja tu, na kwa malipo ya kutia aibu. Anasema mashine za kwenu huko zinafuma usiku na mchana na hazili mkate. Nikamjibu, "Basi zivae zenyewe hicho kitambaa." Hakucheka.

Siku chache baadaye wakaja mabwana wawili wa parokia, wale wanaosimamia maskini. Walichungulia chungu cha uji, wakagusa magodoro, kisha wakaanza kumhoji Keziah wakiwa wameinamisha nyuso kwenye makaratasi yao. Sasa atajuaje wamesema nini bila kuiona midomo? Akanyamaza. Wakaandika kwamba ni punguani. Abel, nilitaka kuwamwagia ule uji. Tangu homa ile ya utotoni masikio yake yamekufa, lakini akili yake ni nzima kuliko ya hao wawili ukiwajumlisha na farasi wao.

Wamesema mtambo mmoja hauwezi kulisha watu wawili, kwa hiyo baada ya Pasaka Keziah ataingizwa nyumba ya maskini. Unajua mtu wa namna yake huko anawekwa wapi. Anawekwa pamoja na wendawazimu, anafumua kamba kuukuu mpaka kucha zinang'oka, na hakuna atakayemgeuzia uso kumwambia hata kwamba chakula kiko tayari. Atakufa akiwa hai.

Kwa hiyo namleta kwako. Nyumba unayo, cheo unacho, na matumbo yanabaki mpaka yanakwenda kwa paka. Jabez anaondoka naye Jumatano hii. Mpe kazi yoyote. Kufuma anajua kuliko wewe.

Dadako,
Dorcas


Blackburn, 25 Machi 1836

Dada Dorcas mpendwa,

USIMLETE. Nisikilize kwanza kabla hujakasirika.

Nyumba inapakwa rangi, haiingiliki. Halafu kuna moshi. Moshi wa Blackburn si wa mchezo, unaanika shuka nyeupe asubuhi na jioni unaanua suruali ya mchimba makaa. Tena kuna kelele. Hapo utasema kelele zitamsumbuaje Keziah, na ni kweli, hilo sikulifikiria vizuri. Lakini rangi ipo.

Na kiwandani hawachukui mtu asiyesikia. Hilo si utani. Wana woga wa ajali, na mnyapara wa ukumbi wetu ana roho ya chuma.

Waombe watu wa parokia wangoje hadi vuli. Nampa barua hii muuza siagi anayepita huko, atakimbia.

Abel


Thornshaw, 28 Machi 1836

Abel,

Muuza siagi hakukimbia. Keziah aliondoka Jumatano akiwa na mkate wa shayiri, shali yangu na viatu vya mbao vya marehemu mama. Sasa hivi unavyosoma, unaye hapo mbele yako.

Umesema mnyapara wa ukumbi wenu ana roho ya chuma. Si wewe ndiye mnyapara wa ukumbi wenu?

Nimekwenda parokia kuwaambia ameshaondoka. Mmoja akanijibu, "Akirudi tu, tunampokea sisi, si wewe." Kwa hiyo hana pa kurudi, Abel. Akifukuzwa huko, njia yake inaishia kwenye lile lango la nyumba ya maskini.

Dorcas


Blackburn, 17 Aprili 1836

Dada yangu,

Tulia. Amefika mzima, na Jabez amemsifu kuwa ndiye abiria wa kwanza ambaye hakumkatiza hadithi.

Kuhusu unyapara, dada, hamjui mambo ya viwanda. Wanyapara tuko wengi. Kuna mnyapara wa ukumbi, mnyapara wa mnyapara, na kadhalika. Ni kama maaskofu. Huyo mwenye roho ya chuma anaitwa Entwistle, ni mwenzangu, na ninamheshimu kwa sababu za kikazi.

Nyumbani kwangu sikumweka, maana nyumba ya mwanamume asiye na mke haina heshima kwa msichana. Nimempeleka kwa mjane mmoja, Betty Duckworth, mfumaji hodari, mwenye mikono ya seremala na moyo wa siagi. Wanalala chumba kimoja, juu ya duka la mishumaa.

Sasa sikia nilivyofanya. Betty alikuwa anatafuta mtu wa kujifunza mtambo ubavuni mwake. Nikampeleka Keziah mbele ya Entwistle, nikasema, "Huyu ni dada yangu, amefuma tangu akiwa mdogo, ni mpole, haongei sana." Hakuna neno la uongo hapo, si ndiyo? Entwistle akamtazama usoni, akamuuliza kitu, Keziah akamsoma mdomo akajibu. Akapewa kazi! Betty mwenyewe hajui. Hakuna anayejua.

Utauliza, hawajui vipi? Dada, laiti ungeingia humu. Mitambo ikianza kupiga, hata ukipiga bunduki hakuna atakayegeuka. Wafumaji wote wanazungumza kwa midomo na mikono, bila sauti, kutoka ukuta hadi ukuta. Wanasengenyana, wanatongozana, wanagombana na kupatana, yote kimya kimya. Nyuma ya mtambo wa tano yupo mzee anayesimulia vichekesho vya aibu kwa nyusi tu. Keziah alisimama pale mlangoni siku ya kwanza, akatazama midomo yote ile ikicheza, na nikamwona anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni.

Bado siri iko ndani. Usimwambie mtu.

Abel Hindle, Mnyapara (mmoja wapo)


Thornshaw, 24 Aprili 1836

Abel,

Umemwingiza dada yetu kwa mlango wa uani, halafu unaniambia nitulie. Hiyo mitambo mnaisimamisha jioni, sivyo? Basi watu hutoka nje, hurudi kuwa watu wenye masikio. Ataitwa kwa nyuma, hatageuka. Siku hiyo utasema ana maringo?

Mwambie Entwistle ukweli kabla hajauona mwenyewe. Kama wewe ni mwenzake kweli, mnakaa meza moja, mwambie kama mtu na mtu. Ukiogopa, nijue ni kwa nini mnyapara anamwogopa mnyapara.

Mimi huku nafuma peke yangu. Nyumba ina sauti ya mtambo mmoja. Sikujua kwamba mtu asiyesikia anaweza kuacha kimya kikubwa namna hii.

Dorcas


Blackburn, 8 Mei 1836

Dada Dorcas,

Ni mimi Keziah. Kaka alitaka kuniandikia barua hii, nikamnyang'anya kalamu.

Nina mitambo miwili sasa. Mwanzoni ilinitisha, kwa sababu mtambo wa baba unakungoja, ukichoka nao unachoka. Hii haingoji. Lakini naihisi kwa miguu, sakafu nzima inatetemeka, uzi ukikatika mtetemo unabadilika kidogo na ninageuka. Jioni napenga kamasi za pamba. Kifua kinawasha. Sisemi ni peponi.

Ila nisikilize. Watu wa kwetu wanaongea kama wanaoficha meno. Wanaongea huku wametazama moto, huku wanatafuna, huku wamenipa mgongo. Nyumbani ni wewe peke yako uliyekuwa unanigeuzia uso, na nilikuwa naona unavyochoka. Humu ndani kila mtu anageuka. Wanapanua mdomo, wanauma kila neno kama tufaha. Juzi yule mzee wa nyusi alitoa kichekesho, na nilicheka wakati ule ule waliocheka wengine. Wakati ule ule, dada. Sikungoja kuelezwa baadaye. Sikuwahi kufanya hivyo tangu utotoni. Betty aliniona natokwa machozi, akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni vumbi.

Hatari iko nje. Ndani niko sawa na wote, lakini mitambo ikizimwa naanza kuogopa. Kaka ananifuata kila jioni uani mpaka barabarani, anatembea nyuma yangu, mtu akiniita yeye anaitika. Kuna wasichana wanaodhani ana kichaa, maana ukiita "Keziah!" anayejibu "Naam!" ni mwanamume mwenye ndevu. Betty anamcheka mpaka anashika ukuta. Nafikiri Betty anampenda kidogo, lakini usimwambie, kichwa chake ni kikubwa tayari.

Nilimwambia kaka nataka kumweleza Entwistle mwenyewe. Akaniomba kwa magoti nisubiri. Ni kweli alipiga magoti, alichafua suruali. Kwa hiyo nasubiri.

Habari za nyumba yake usiniulize. Nimeahidi kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea.

Mdogo wako,
Keziah


Blackburn, 29 Mei 1836

Dada Dorcas,

Hii soma ukiwa umekaa, lakini usishike kifua. Imeisha salama. Nimeanza na hilo ili usile kucha.

Jumamosi mitambo ilizimwa, watu wakamiminika uani. Mimi nilichelewa ndani kwa sababu nitakazokueleza. Mkokoteni wa marobota ya pamba ulikuwa unarudi nyuma, farasi ameshtuka, mwenye mkokoteni anapiga kelele, "Toka! Toka wewe msichana!" Watu wote wakaruka pembeni. Keziah alikuwa ameupa mgongo, anafunga shali yake, hana habari. Betty alimrukia akamvuta kwa nywele. Gurudumu lilipita juu ya kiatu cha mama na kukivunja. Mguu haukuwamo, ulikuwa umeshatoka.

Ndipo nami nilipotoka mbio nikafika uani. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ni kiziwi!" Na juu ya ngazi, akitazama yote, alikuwa amesimama Entwistle.

Jumapili sikula. Keziah alifunga bunda lake, akaliweka mlangoni. Akaniambia, "Nikirudi Thornshaw nitashuka kwenye mkokoteni wa Jabez moja kwa moja kwenye lango la nyumba ya maskini, nisimpitie Dorcas. Asione."

Jumatatu alfajiri nikamwahi Entwistle ofisini kwake, kabla ya kengele. Nikavua kofia. Nikaanza, "Bwana, kuhusu dada yangu..." Alikuwa anaangalia dirishani. Hakugeuka. Nikadhani ni dharau. Nikapandisha sauti, nikamwambia kosa ni langu, nimeficha mimi, msichana hana hatia, kwamba akimfukuza parokia itamchukua na kumweka na wendawazimu, na kwamba kama anataka kumfukuza mtu yupo hapa, tena ana mdomo mrefu na hatakosekana. Nilisema yote, dada. Nililia kidogo pia, kwa namna ya kiume. Hakutikisika hata sikio.

Ndipo akageuka, akashtuka kuniona, akasema, "Hindle! Umeingia saa ngapi?"

Hotuba yangu yote! Akanikazia macho mdomoni, kama Keziah anavyofanya, kama wote wanavyofanya humu. Akasema, "Sema tena. Polepole. Nitazame."

Nikaelewa. Nikasema tena, kwa mdomo mpana, bila sauti yoyote. Alinisoma mpaka mwisho, herufi kwa herufi. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akacheka kicheko kibaya kisichojua ukubwa wake.

"Mimi nimekaa katika kelele hizi tangu kiwanda kinafunguliwa," akasema. "Mke wangu anadhani nimekuwa mkorofi. Ananisemesha kwa nyuma, sijibu, anatupa sahani. Ukumbi mzima huu, waliokaa muda mrefu, ni viziwi. Humu ndani nani anasikia, Hindle? Dada yako ametutangulia tu."

Akaandika kitu, akanisukuma nje. Keziah arudi kwenye mitambo yake, na siku za marobota wafumaji watoke kwa mlango wa mbele. Nilikimbia ukumbini. Mitambo ilikuwa imeshaanza kupiga. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwa mdomo, kutoka ukuta hadi ukuta, "UMEBAKI." Ukumbi mzima ulinisoma. Betty akanyanyua mikono juu. Yule mzee wa nyusi akacheza. Kulikuwa na shangwe, dada, kubwa kuliko ya harusi, na hakuna aliyetoa hata mlio.

Waambie mabwana wa parokia wafute jina lake. Waambie kwa heshima, kisha uwape mgongo na kuwatukana taratibu, uone kama wanasikia.

Keziah atakuja kukuona mwezi wa mavuno, viatu vipya miguuni. Nasi tutazungumza juu ya wewe kuja huku, maana Betty anasema chumba kina nafasi. Usiamue haraka. Jana Betty alinigusa bega kuniambia kengele ya kanisa inalia, nami nilikuwa sijaisikia. Lazima ulijue hilo kabla ya kuuza mtambo wa baba.

Limebaki jambo moja. Nimemwona mtu mzito akikiri mbele yangu, kwa hiyo sina pa kujificha. Jumamosi nilichelewa kutoka kwa sababu nilikuwa nimelala chali chini ya mtambo, nafagia pamba. Ndiyo kazi yangu. Walinipa mtambo wiki ya kwanza. Jumatatu ilipofika nikalala nisiende kazini, kama wafumaji wa kwetu tulivyolala kila Jumatatu tangu enzi za babu. Jumanne nikamkuta mtu mwingine kwenye mtambo wangu, nikapewa ufagio. Nalala chumba cha chini ya ardhi na Waairishi, watu wema, wanaokoroma kwa zamu. Matumbo na vitunguu nanusa tu nikipita dukani. Kofia ni ya kuazima.

Mimi si mnyapara, dada. Sijawahi kuwa. Nilikudanganya.

Abel